Hakuna Taa Mwamgongo

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Msicheke. Neno hilo ni la bosi mwenyewe: "Mama, tumeona tukustaafishe," akasema, kama vile ananivisha shada. Sababu yake nitaieleza mwishoni, maana nikianza nayo nitajaza ukurasa mzima matusi, na daftari hili nawaachia ninyi mabinti wawili mliopewa kaunta yangu. Mnajua Kiingereza kuliko mimi na kompyuta inawatii. Lakini nimewasikia juzi. Mgeni aliuliza, "Dada, wikiendi hii nikapumzike wapi?" na mmoja wenu, bila hata kufikiri, akamjibu Zanzibar. Mtu amesimama Kigoma, ziwa liko mgongoni kwake, mnampeleka Zanzibar! Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nilikuja hapa nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nimetoka Kalinzi kwa wazazi wangu wakulima wa kahawa. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Maboti yalikuwa yanaingia kutoka ng'ambo yamejaa watu, magodoro na mbuzi, na mji mzima ulikuwa magari meupe yenye antena ndefu. Nyumba yetu ya wageni ilijaa manesi, madaktari, wahandisi wa maji na madereva waliofanya kazi kambini huko juu. Walishuka Ijumaa na vumbi hadi kwenye kope. Wakioga, wakikaa kwenye kibaraza kinachotazama bandari, na jua likizama nyuma ya milima ya Kongo mbele ya macho yao, swali lao lilikuwa moja: ndege ya kwenda pwani iko siku gani? Nilikuwa nawakasirikia hata kabla sijajua sababu ya kuwakasirikia.

Aliyenipa sababu ni Bi Mwanaidi. Alikuwa mwenyeji wa Ujiji, mwanamke mnene wa kanga mbili, na alikuwa ameshika kaunta ile tangu mimi sijazaliwa. Siku yangu ya kwanza nilifika na sketi ya shule niliyoirefusha, nikamwamkia.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Umekula Ujiji?"

"Nimekunywa chai nyumbani."

"Sijauliza chai. Ujiji umewahi kula?"

"Hapana."

"Katonga?"

"Hapana."

"Kibirizi?"

"Nimepita."

"Umepita," akarudia, akimtazama mpishi aliyekuwa mlangoni. "Kwa hiyo mgeni akikuuliza, utamwambia, nenda Kibirizi, nilipita."

Wiki mbili hakuniruhusu kugusa simu. Alinituma kula. Sheria yake ilikuwa hii, na ndiyo sheria ya kaunta: hupendekezi mahali ambapo hujala, na huandiki kwenye daftari mahali ambapo hujaingia choo chake. Mengine yote niliyojifunza baadaye ni nyongeza.

Kwa hiyo nilianza na Ujiji. Alinionya nisiwapeleke wageni kwenye mnara wa kumbukumbu kwanza, ingawa wote huuliza mnara. "Wazungu wawili walipeana mkono pale," alisema. "Sisi tunapeana mikono kila siku, nani ametujengea?" Wapelekeni kwanza ufukweni, kwa mafundi wa mashua. Kuna wazee pale wanaunda chombo cha kubeba watu themanini bila mchoro hata mmoja wa karatasi. Wanapima kwa kamba na jicho, kisha wanakaa safu nzima wakigonga pamba iliyoloweshwa mawese kwenye nyufa za mbao, na mlio wake unalingana kana kwamba wameupanga. Mgeni akae hapo nusu saa, anyamaze. Halafu apite vichochoro vya mchanga, aamkiane na kina mama barazani, ale samaki mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo kwa vidole. Mnara aukute mwishoni kabisa. Hautakuwa umeondoka.

Kibirizi msiwafiche harufu. Waambieni mapema: panatoa harufu ya dagaa, na harufu hiyo itaingia kwenye nywele zenu. Kisha waambieni kwamba saa tatu asubuhi, dagaa wakiwa wameanikwa, ufuko wote unameta hadi macho yanauma. Katonga, ufuko wa hapa karibu, ni kwa wale wasiotaka kutembea mbali. Na anayesema amechoka maji, mpakieni pikipiki apande Kalinzi, kwetu, akaone kahawa ikiwa imetoa maua. Kuna kona moja kabla ya soko ambapo unageuka na kuliona ziwa lote chini yako, na hadi leo nikifika hapo huwa nasimama, mimi niliyezaliwa pale.

Kaunta ilikuwa na vifaa vitatu: simu ya mezani, daftari lenye jalada gumu, na kalenda ya Kiislamu aliyokuwa ameitundika Bi Mwanaidi mwenyewe. Alipostaafu (yeye alistaafu kweli, na magoti yake yalikuwa shahidi), alinikabidhi kimoja kimoja. "Simu hiyo, ipige kofi ikikwama. Daftari hilo, usiazime mtu. Na kalenda hiyo, itazame."

Niliitazama kweli, nikaona ni ya kufunga na sikukuu. Mimi ni Mkatoliki wa milimani. Siku ya pili nikaikunja, nikaiweka chini ya droo, nikatundika ya kampuni ya soda yenye picha ya ufuko mweupe. Kosa hilo ni langu, halikutoka kwa bosi wala kwa mtu mwingine.

Sasa Mwamgongo. Mnapanda boti Kibirizi, mnafuata ufuko kaskazini, mnapita msitu wa Gombe na nyani wake wanaokaa ufukweni kama wanasubiri usafiri, halafu milima inasogea majini kabisa na kijiji kimebanwa hapo katikati, nyumba juu ya nyumba. Hakuna gari. Hakuna hata pa kuliweka. Aliyenipa chakula pale alikuwa Mama Feza, mjane wa miaka kama sitini, mwenye vyumba viwili vya wageni na ua alioufagia mpaka mchanga una mistari. Alinipikia samaki kuhe kwenye mawese na sombe, yaani kisamvu, nikaandika ukurasa mzima wa daftari. Mama yake aliletwa kutoka ng'ambo, Kongo, akiwa mtoto wa kubebwa. Feza mwenyewe alizaliwa hapo hapo kijijini, lakini Kiswahili chake kilibaki cha nyumbani kwao. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, kama wengi wa rika lake ufuko ule. Alikuwa na makaburi ya wazazi wake nyuma ya nyumba, basi.

Miaka ya kawaida lafudhi haimdhuru mtu. Miaka ile ilidhuru. Siku moja Mama Feza aliingia hapa na kikapu cha migebuka mikavu, akakiweka juu ya kaunta mbele ya daktari aliyekuwa anajiandikisha.

"Mutoto, nataka wageni."

"Karibu mama. Lini?"

"Mwezi ukiwa mukubwa. Mukutano wa kijiji uko siku ile."

"Wangapi?"

"Wawili wanatosha. Lakini walale. Na wajue kuandika."

Akatoa ndani ya kitenge daftari jipya la wageni. Lilikuwa jeupe kurasa zote. Jirani yake, Bwana Masudi, aliyekuwa na hamu ya siku nyingi na kiwanja cha Mama Feza, alikuwa amepeleka maneno kwa serikali ya kijiji kwamba vyumba vile si vya wageni, vinaficha watu wanaovuka bila kuripoti, na kwamba mwenye nyumba naye ni wa kuvuka. Ikikubalika hivyo mkutanoni, nyumba inafungwa na jina lake linaingia kwenye orodha ya wanaopelekwa kambini. Mwanamke aliyezaliwa pale! Wageni wangu wote mpaka siku hiyo walikuwa wanakodi boti, wanakula mchana na kurudi. Hakuna aliyelala, kwa hiyo hakuna aliyeandika.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nikaanza kuwinda. Nikapata nesi mmoja wa Tanga, Halima, mtu mchangamfu asiyehitaji kubembelezwa. Wa pili alikuwa Mhandisi Kimaro, Mchaga mrefu aliyechimba visima kambini na aliyelalamikia kila kitu kuanzia mto mpaka uji. Huyo tayari alikuwa anauliza ndege. Kumtoa kwenye Zanzibar ilibidi nitumie silaha nzito.

"Mhandisi, umewahi kuona taa za wavuvi wa dagaa?"

"Taa gani?"

"Mamia. Karabai kila mtumbwi. Unakaa uani kwa Mama Feza, giza likiingia unaona mji mzima unaelea ziwani. Na siku hiyo, bahati yako, mwezi mpevu utakuwa juu yake."

Niliziona taa hizo mara mbili tatu nikiwa Ujiji, na nilidhani huwaka kila siku kama za barabarani. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Mwanga, nyuma ya kilima, ziwa halionekani. Wale wa ziwani mnaosoma hapa najua mmeshika vichwa.

Niliwasindikiza mwenyewe. Tulifika saa tisa mchana, na boti ikaendelea zake Kagunga, irudi kesho yake. Nilishangaa kukuta ufuko umejaa wanaume. Mitumbwi imevutwa juu, nyavu zimetandazwa, karabai zimefunguliwa vipande vipande zinasafishwa, na upande mwingine kuna turubai la harusi. Mhandisi akamwendea kijana aliyekuwa anashona wavu.

"Kaka, mnaingia ziwani saa ngapi? Tumekuja kuona taa."

Yule kijana akamtazama, akawatazama wenzake. "Taa?"

"Taa. Za dagaa."

"Bwana mkubwa, si mbalamwezi hii? Dagaa anafuata mwanga. Leo Mungu amewasha karabai yake huko juu, dagaa wametawanyika ziwa zima. Sisi na tuvikarabai twetu nani atatufuata?"

"Kwa hiyo mnaingia lini?"

"Giza likirudi. Wiki hii tunaoa."

Wakacheka wote. Mhandisi akageuka taratibu.

"Dada. Ulisema taa mamia."

"Nilisema."

"Na mwezi mpevu."

"Nilisema pia."

"Yaani uliniuzia usiku na mchana kwa mpigo."

Ndipo nikaelewa kwa nini mkutano wa kijiji uliwekwa siku ile: ndizo siku pekee wanaume wako nchi kavu. Mama Feza alinitaka wakati ule ule ambao taa haziwezekani. Naye aliponisikia nikijieleza alikuja juu kuliko mhandisi. "Weye mutu wa milimani! Mimi nilikuambia mwezi. Nani alikuambia taa?"

Halima alikimbilia harusini. Mhandisi alikaa uani na uso kama mlango uliofungwa. Alikula kuhe mara tatu bila kusema asante. Mwezi ulipochomoza sikuthubutu kumwonyesha, lakini ninyi nawaambia, maana sijaona kitu kama hicho tena. Milima iko nyuma ya kijiji, kwa hiyo kijiji kinabaki kivulini, na mwanga unaanzia mbali, katikati ya ziwa, kisha unatembea kuja ufukweni. Unauona unakuja. Unafika kwenye mitumbwi, unapanda nyumba moja moja, mpaka unakugusa miguu. Mhandisi alivuta miguu yake nyuma. Halafu akairudisha.

Asubuhi Mama Feza akaleta daftari. Halima aliandika mstari mmoja: mahali pazuri sana, Mungu awabariki. Mhandisi akaomba kiti na meza. Aliandika robo saa. Nikasoma begani kwake:

"Nimekuja kuona taa. Hakuna taa. Mhudumu wa Kigoma amenidanganya. Kitanda ni kifupi, miguu yangu ilibaki nje. Jogoo wa jirani alianza kuwika saa tisa, achukuliwe hatua. Choo ni kisafi kuliko cha ofisini kwetu. Samaki sijapata kula mfano wake, lakini nilipoomba mara ya nne niliambiwa ameisha, mwenyeji ajipange. Taa zirekebishwe."

"Ameandika nini?" Mama Feza akauliza.

"Amelalamika, mama. Tuuchane ukurasa huu, abaki Halima peke yake."

"Usiguse. Daftari iliyochanwa inasema kama mutu ameficha kitu."

Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi ya kijiji. Bwana Masudi alisema yake, na alisema vizuri: nyumba ile inalaza watu wasiojulikana, mwenyewe hata kuongea haongei kama sisi. Mama Feza akasimama, akatoa daftari, akaketi. Mtendaji akalifungua na kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya kusomea matangazo ya serikali. Kwenye miguu kubaki nje watu walianza kukohoa. Kwenye jogoo, wakapasuka.

"Masudi," akasema mwenyekiti, mzee mkavu mwenye kofia ya sufu, "jogoo huyo si wako?"

"Ni wangu, lakini..."

"Mgeni anataka achukuliwe hatua."

Kicheko kilipotulia, bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini karibu na miguu yangu akasema bila kusimama: "Hawa wakimbizi tuliowapokea ufukweni mwezi uliopita, niliwapa maji mimi. Kuna hata mmoja aliyesema kitanda kifupi?"

Hakuna aliyecheka tena. Wote pale walikuwa wamewapokea.

"Anayelalamika hivi," mwenyekiti akasema, "hakujificha. Huyu ni mgeni, tena mgeni msumbufu. Mama Feza, nyumba yako ni ya wageni. Daftari lako liletwe kwa mtendaji kila mwezi. Shauri lingine."

Mama Feza alikwenda kwa Mhandisi Kimaro, mbele ya watu wote, akampa mkono kwa mikono yote miwili, akipiga goti kidogo. Mhandisi wa watu alibaki anatazama viatu vyake. Kwenye boti alininong'oneza: "Yale yalikuwa maoni ya siri. Nani amewaruhusu kuyasoma?"

Nilirudi, nikaitoa kalenda ya Bi Mwanaidi chini ya droo. Nilikwenda Ujiji kumwomba radhi na alinicheka mpaka akashika ukuta. Kila mwezi wa Kiislamu, akanionyesha, tarehe kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano: taa hakuna. Siku za mwisho na za mwanzo wa mwezi: giza, taa zote. "Uliitundua kwa sababu gani?" akaniuliza. Nikamwambia ya soda ilikuwa na picha nzuri.

Kimaro alirudi Mwamgongo mara nne kabla hajahamishwa. Safari ya mwisho nilimpeleka gizani. Nilikuja kuliona daftari baadaye. Chini ya ukurasa wake wa kwanza ameandika, kwa wino mwingine: "Taa zimerekebishwa."

Miaka imepita hapo. Magari meupe yamepungua, kambi zimeanza kufungwa, na wageni sasa ni watu wa likizo tu. Mimi nimepata mtoto. Baba yake ni habari nyingine na hasira nyingine. Nilimleta kazini mgongoni kwa sababu sikuwa na pa kumwacha, na alilia kama watoto wanavyolia. Wiki iliyopita bosi alinifungulia daftari letu la maoni na kunisomea: "Mtoto analia mapokezi." Ndiyo sababu ya kustaafishwa kwangu. Nikamwomba daftari nisome mwenyewe. Mgeni huyo huyo, mistari miwili chini, ameandika kwamba mhudumu alimwelekeza Kalinzi na Ujiji na kwamba hajawahi kuwa na siku nne nzuri kama hizo. Kule Mwamgongo, mbele ya ofisi ya kijiji, walisoma ukurasa mzima. Huyu na tai yake alisoma mstari mmoja. Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo mpishi atawasimulia mkimuuliza.

Habari zilifika ziwani kabla yangu. Jana nahodha wa boti alileta kikapu cha migebuka na maneno ya Mama Feza, ambaye sasa macho yamemchoka na anataka mtu wa kuandika wageni: "Mwambie alete huyo mutoto alie huku. Ziwa lina kelele kumushinda."

Alhamisi naondoka kwenda Mwamgongo. Simu ikikwama ipigeni kofi. Kuleni kabla ya kupendekeza. Kalenda nimeirudisha ukutani, mpya, ya mwaka huu, atakayeitundua nitasikia. Mgeni akitaka taa, mleteni gizani. Akitaka mwezi, mleteni tarehe kumi na nne, nitamwekea kiti uani. Na akitaka vyote viwili kwa mpigo, mpelekeni tu Zanzibar.